Mbwa wetu alikufa kwa parvo. Mwingine nimnunue kwa nani?

SWALI

Daktari, hujambo? Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Kitengela kwenye nyumba ya kupanga yenye ua mdogo wa udongo. Miezi miwili iliyopita mume wangu alinunua mtoto wa mbwa kando ya barabara jijini Nairobi. Kijana aliyemuuzia alikuwa amepakata wawili kifuani, wengine wamo ndani ya katoni miguuni pake. Alisema ni German Shepherd halisi, ana wiki nane na amechanjwa chanjo zote. Kadi ya chanjo hatukupewa. Tuliambiwa tungetumiwa kwa WhatsApp, na hadi leo haijafika.

Siku ya nne alikataa kula. Jioni akaanza kutapika povu la manjano, na usiku akahara damu yenye harufu iliyojaa nyumba nzima. Asubuhi tulimkimbiza kliniki, akawekewa dripu, akafa kesho yake. Daktari wa pale alitwambia ni parvo. Binti yangu wa miaka tisa ndiye aliyekuwa akimlisha, na alikuwa amempa maziwa ya ng'ombe. Mpaka leo anaamini kwamba yeye ndiye aliyemuua.

Sasa wezi wameanza kusumbua mtaani na mume wangu anataka mbwa mwingine upesi. Tuna njia tatu na tunabishana kila usiku.

Ya kwanza ni muuzaji tuliyempata Instagram. Picha zake zinavutia mno. Anasema watoto wake wana wiki tano, wanakula wenyewe, kwa hiyo wako tayari kuchukuliwa. Bei ni Sh15,000, na anataka nimtumie Sh5,000 leo kwa simu maana wamebaki wawili tu. Nilipoomba kwenda kuwaona, alisema hapokei wageni kwa sababu ya magonjwa, tukutane kwenye kituo cha mafuta.

Ya pili ni mama mmoja wa Limuru anayefuga German Shepherd. Bei yake ni Sh45,000. Hana watoto kwa sasa, mbwa wake amepandishwa majuzi tu, hivyo ameniandika kwenye orodha nisubiri. Alinihoji karibu saa nzima: nani anashinda nyumbani, ua una ukuta au seng'enge, mbwa atalala wapi, daktari wetu ni nani, kama tumewahi kufiwa na mbwa na kwa ugonjwa gani. Nilipotaja parvo, aliniambia nikija kwake nisivae viatu ninavyovaa nyumbani. Daktari, kusema kweli niliumia. Nilihisi ananiona mchafu. Isitoshe, ana mkataba wa kurasa mbili wa kutiwa sahihi.

Ya tatu ni jirani yetu. Mbwa wake wa kienyeji amezaa watoto sita nyuma ya nyumba na anatupa mmoja bure.

Tufuate njia ipi? Na je, ni salama kuleta mbwa mwingine hapa?

Mama wa Watoto Wawili, Kitengela

JIBU

Mama, poleni sana. Naanza na binti yako kwa sababu yeye ndiye mwenye mzigo mkubwa zaidi. Maziwa ya ng'ombe yanaweza kumharisha mtoto wa mbwa kwa sababu tumbo lake halimudu sukari iliyomo, lakini hayaleti parvo. Parvo ni kirusi, na tangu kinapoingia mwilini hadi dalili kuonekana kwa kawaida huwa ni siku tatu hadi saba. Mbwa wenu aliugua siku ya nne. Kwa hesabu hiyo, kuna uwezekano mkubwa kwamba alifika kwenu akiwa tayari ameambukizwa, ama ndani ya ile katoni ama kule alikotolewa. Mwambie binti yako hivyo, na umwambie ni daktari aliyesema. Kumpa chakula na kukaa naye ndiyo mema aliyoyapata yule mbwa katika siku zake za mwisho.

Pili, swali lako la mwisho ndilo ningetaka mlijibu kwanza, kwa sababu linabadilisha mengine yote. Kirusi cha parvo ni kigumu kufa. Kilijulikana mwaka 1978 na ndani ya muda mfupi kikawa kimeenea duniani, na sababu mojawapo ni kwamba kinaishi nje ya mwili wa mbwa kwa miezi mingi. Kwenye udongo wenye kivuli na unyevu kinaweza kumaliza mwaka. Sabuni ya kawaida haikiui. Dawa nyingi zenye harufu nzuri tunazopigia deki haziwezi pia. Jiki inakiua, ila sharti uchafu uoshwe kwanza kwa maji na sabuni, kisha uchanganye sehemu moja ya jiki na sehemu ishirini za maji, uimwage sakafuni na kuiacha ikae dakika kumi kabla ya kusuuza. Fanya hivyo kwenye saruji, kwenye vigae, na kwenye bakuli la chuma. Blanketi alilolalia, katoni na bakuli la plastiki lililokwaruzika vitupwe. Udongo wa uani hauwezi kuoshwa na jiki. Jua kali na ukavu vitasaidia, kwa hiyo fyeka majani, ondoa vifaa vinavyotia kivuli, uache jua lipige.

Kwa maana hiyo, mtoto wa mbwa wa wiki tano, sita au hata nane asikanyage udongo wa ua wenu mwaka huu kabla chanjo zake hazijakamilika. Akae ndani kwenye sakafu iliyosafishwa.

Na kukamilika si kudungwa sindano moja. Mtoto wa mbwa anaponyonya dang'a la mama yake, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, hupata kinga ya kuazima. Kinga hiyo humlinda, lakini pia huizuia chanjo kufanya kazi. Inapungua polepole, na kwa mmoja inaisha akiwa na wiki saba, kwa ndugu yake akiwa na wiki kumi na tatu. Kwa kumtazama tu huwezi kujua imeisha lini. Ndiyo maana tunachanja kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, tukirudia kila baada ya wiki mbili hadi nne, mpaka awe ametimiza wiki kumi na sita, halafu tunarudia tena kabla hajamaliza mwaka. Chanjo ya kichaa cha mbwa inaingia akiwa na miezi mitatu. Sasa rudi kwa yule kijana wa barabarani: mbwa wa wiki nane aliyechanjwa chanjo zote hayupo duniani. Sentensi hiyo peke yake ingetosha kumfanya mume wako aondoke. Simlaumu, maana wengi hawajawahi kuambiwa.

Tuje kwa wauzaji wenu.

Huyu wa Instagram mwacheni, na ile Sh5,000 usiitume. Wiki tano ni mapema mno. Ni kweli anaweza kula, meno ya maziwa yameanza kutoka, lakini bado anahitaji mama na ndugu zake. Akimng'ata ndugu kwa nguvu, mwenzake hupiga kelele na mchezo unakatika, na hapo ndipo anapojifunza kuzuia taya lake. Anayeondolewa mapema mara nyingi huja kuwa mng'ataji au mwoga, na nyinyi mna watoto ndani ya nyumba. Wiki nane ndio mpaka wangu, na sijawahi kumshauri mtu chini ya hapo.

Linalonitisha zaidi ni kituo cha mafuta. Afya ya mtoto wa mbwa huanzia kwa mama yake, na pale kwenye kituo hutamwona mama. Hutajua kama amekonda mbavu zinahesabika, kama amejaa kupe, kama anabweka kwa woga kila mtu anapopita, au kama anazalishwa kila joto linapomjia. Hutajua hata kama hao watoto wamezaliwa na mama mmoja. Wauzaji wengine hukusanya watoto wa matumbo mbalimbali na kuwachanganya, na mmoja akiwa na parvo wote wameipata. Picha nzuri hazithibitishi chochote. Ichukue mojawapo uitafute Google kwa picha, huenda ukaikuta kwenye ukurasa wa mtu wa nchi nyingine kabisa. Na ukitaka kumpa nafasi ya mwisho, mpigie simu ya video bila kumtaarifu, umwombe akuonyeshe mama yao akiwanyonyesha sasa hivi.

Utaniambia: lakini yule wa Limuru naye anaogopa magonjwa, tofauti ni nini? Tofauti ni kwamba yeye hakukukataza kwenda. Amekuambia uje, ila ubadilishe viatu. Mama, hakukudharau hata kidogo. Parvo husafiri kwenye soli za viatu, kwenye magurudumu, kwenye nguo. Anajua kwamba nyumba yako imepata ugonjwa, na kwamba kwake kuna mama mjamzito na baadaye kutakuwa na watoto wasio na kinga. Swali alilokuuliza ndilo ambalo ningetamani kila mfugaji aulize. Nenda na viatu vilivyooshwa kwa jiki au mabuti mapya ya mpira, nguo safi, na siku hiyo usipitie kwa mfugaji mwingine yeyote. Akikuomba usimame nyuma ya seng'enge utazame kwa mbali, kubali.

Hata hivyo, kuuliza maswali mengi hakumfanyi awe mkamilifu. Wewe nawe mwulize.

Kwanza, nyonga. German Shepherd husumbuliwa na kasoro ya nyonga ambayo hurithiwa: kifundo cha paja hakikai sawasawa kwenye tundu lake, na mbwa anaanza kuchechemea akiwa bado kijana. Mtoto wa wiki nane hawezi kupimwa ukaamini majibu. Wanaopimwa ni wazazi, kwa eksirei, wakiwa wameshatimiza mwaka mmoja au zaidi. Mwombe akuonyeshe picha na maelezo ya daktari, za mama na za baba. Wafugaji wengi wa hapa kwetu hawajapima, na nasikitika kusema hivyo. Kama hajapima, asikufiche, na wewe mtazame mama akiinuka kutoka kulala, akitembea, akipanda ngazi. Anayeyumba kiuno au kurukaruka kwa miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja, mwache.

Kisha umuulize mama ana miaka mingapi, amezaa mara ngapi, na mara ya mwisho lini. Mbwa wa kike huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka. Mfugaji anayejali humngoja afike kama miaka miwili, na akishazaa humpumzisha. Uliza baba ana undugu gani na mama. Uliza watoto wanapewa dawa ya minyoo lini: jibu linalotakikana ni kuanzia wiki ya pili na kurudia kila wiki mbili, kwa sababu minyoo mingine huwapata wakiwa bado tumboni na mingine kupitia maziwa. Hilo linawahusu wanao pia, maana minyoo hiyo huweza kumwingia binadamu.

Uliza nani anadunga chanjo. Wapo wanaonunua dukani kwa agrovet, wakaiweka mfukoni na kuidunga wenyewe. Chanjo inatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na ikishapata joto unakuwa umemdunga maji. Kadi ya kweli ina stika iliyobanduliwa kwenye kichupa, yenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Pembeni pana tarehe aliyodungwa, sahihi na mhuri wa daktari. Hapa Kenya kila daktari wa mifugo sharti awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, kwa hiyo jina lililo kwenye mhuri linaweza kuhakikishwa.

Akikuonyesha cheti cha East Africa Kennel Club, ni jambo jema, kinakuambia babu na bibi wa mbwa ni akina nani. Lakini hicho ni cheti cha ukoo, hakisemi lolote kuhusu nyonga wala minyoo. Watu hulipa maelfu zaidi kwa ajili ya karatasi hiyo wakidhani wamenunua afya.

Na ule mkataba usiuogope, usome. Nataka uone mambo mawili ndani yake. La kwanza, kwamba una siku kadhaa za kumpeleka kwa daktari wako mwenyewe, na akikutwa na ugonjwa au kasoro unarudishiwa pesa. La pili, kwamba mkishindwa kumfuga, hata akiwa na miaka mitano, mfugaji atampokea. Mtu anayetia sahihi maneno hayo amejifunga kwa huyo mbwa maisha yake yote. Pakikosekana hayo mawili, mwombe ayaongeze.

Siku ya kumchagua, nenda saa ya kulisha. Watoto wazima hukurupuka wote kwenda kwenye sahani. Anayebaki pembeni, au anayekuja baada ya wengine kushiba, mtazame kwa makini. Mnyanyue. Anapaswa kuwa mzito kuliko ulivyotarajia, na ngozi ikivutwa shingoni irudi mara moja. Tumbo la mviringo baada ya kula ni sawa, lakini tumbo lililojaa juu ya mbavu nyembamba ni minyoo. Inua mdomo wa juu: ufizi uwe na rangi ya waridi. Ukiwa mweupe, damu ni pungufu, na hapa kwetu chanzo huwa ni safura, viroboto au homa ya kupe. Hesabu meno, maana yatakusaidia kukisia umri. Mtoto wa wiki nane ana meno ya maziwa 28, membamba na yenye ncha. Ukikuta bado hayajatimia, huenda umri umeongezwa. Nusa masikio. Papasa kitovu kama kuna uvimbe laini. Akiwa dume, papasa kama korodani zote mbili zimeshuka. Tazama chini ya mkia, manyoya yawe makavu na safi. Halafu mweke chini, ujitenge hatua chache, uchuchumae na upige makofi kidogo. Atakayekuja akitikisa mkia, hata kama si mkubwa kuliko wote, ndiye wa nyumba yenye watoto.

Kuhusu kusubiri: mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, ukiongeza wiki nane za kunyonya unapata kama miezi minne. Ukijumlisha na miwili iliyokwisha kupita, ua wenu utakuwa umepigwa jua nusu mwaka. Ile foleni iliyokuudhi inakusaidia. Bado hatashuka kwenye udongo kabla ya kumaliza chanjo, lakini hatari itakuwa imepungua sana.

Sasa jirani. Nisingependa mbwa wake wa kienyeji adharauliwe kwa sababu anatolewa bure. Mama yao mnamwona kila siku, mnajua kama ni mpole kwa watoto na mkali kwa wageni, na taarifa hizo wenye Sh45,000 wengi hawazipati. Mbwa hawa hawana shida kubwa ya nyonga na hawali sana. Ila kinga ya parvo hawana, watu hudanganyana hapo. Masharti ni yale yale: wiki nane, dawa ya minyoo, chanjo ya kwanza kabla hajavuka geti lenu, na kukaa ndani. Kama bajeti yenu ikishalipa Sh45,000 haitabaki na kitu cha chanjo na chakula, mchukueni wa jirani bila aibu. Na mkimchukua, mchangieni jirani amfunge kizazi yule mama, la sivyo mwakani atakuwa na wengine sita wa kugawa.

Kwa mume wako nina neno moja. Mtoto wa mbwa halindi nyumba. Wa Limuru atachukua mwaka au zaidi kabla mwizi hajamwogopa. Kama shida ni wezi wa mwezi huu, rekebisheni taa na geti, na mfikirie njia ya nne: KSPCA, shirika la kulinda wanyama lenye makao Nairobi, huwatoa mbwa wakubwa kwa familia, wakiwa wamechanjwa na kufungwa kizazi. Mbwa mkubwa aliyekamilisha chanjo anaweza kuingia kwenye ua wenu hata leo bila kuogopa ule udongo, na sauti yake tayari ni nzito. Nendeni na watoto, mkae naye kwanza. Kwa hali mliyo nayo, hii ndiyo ningeanza nayo, kisha wa Limuru kwa subira.

Yeyote mtakayemleta, mpelekeni kwa daktari ndani ya siku mbili, akiwa mzima. Mwendelee na chakula alichozoea kwa wiki ya kwanza, na msimwongezee DCP ya ng'ombe (unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi) ili mifupa iwe migumu, maana madini ya ziada huharibu mifupa ya mbwa wa mbegu kubwa anayekua. Na akitapika au kukataa kula katika wiki mbili za mwanzo, msingoje asubuhi wala msimpe dawa ya binadamu. Pigeni simu kliniki mkiwa njiani, mseme nyumba yenu iliwahi kupata parvo, ili wampokee mlango wa pembeni asikae na watoto wengine wa mbwa kwenye benchi.